Namna ya kutafuta na kupima masuluhisho kwenye uchunguzi kifani bila kuandika "serikali itoe elimu"

Kila muhula wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa hupewa kazi za makundi za uchunguzi kifani (case study), yaani kisa cha taasisi moja cha kuchambua, zinazoishia na agizo linalofanana: "Kama mshauri wa taasisi hii, pendekeza suluhisho na ulitetee." Kurasa za mwanzo huandikwa vizuri. Historia ya taasisi ipo, tatizo limeelezwa, hata jedwali limechorwa. Ukifika kwenye masuluhisho unakutana na wimbo uleule: serikali itoe elimu, wadau watoe mikopo ya riba nafuu, miundombinu iboreshwe, viongozi wawe waadilifu. Maneno hayo unaweza kuyabandika kwenye viazi vya Njombe, chai ya Mufindi, mpunga wa Kyela au vibanda vya soko la Mwanjelwa bila kugusa hata herufi. Mhadhiri analijua hilo, ndiyo maana maksi za sehemu hiyo hupatikana kwa taabu.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu, yaani kutoka pale tatizo linapokuwa limeshajulikana hadi pale kundi linaposimama mbele ya darasa kutetea lilichochagua. Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Nimekitunga kwa ajili ya mazoezi na tarakimu zake ni za mfano, ila mazingira yake ni ya Rungwe.

Kisa chenyewe

Chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kipo kwenye vilima vya juu ya Tukuyu. Kina wanachama 120 na kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, chenye tanki la kupoozea la lita 1,000. Kituo hufunguliwa asubuhi tu. Saa 4 lori la kiwanda huja kubeba, na tanki hukaa tupu hadi kesho yake.

Wanachama hukamua mara mbili kwa siku. Kituoni huletwa lita 800, lakini 150 kati ya hizo ni maziwa ya jana jioni yaliyolala kwenye ndoo nyumbani kisha yakachanganywa na ya asubuhi. Lita 150 nyingine za jioni huuzwa kwa wachuuzi wa bodaboda, na lita 100 hubaki kwa ajili ya watoto na ndama. Kituo hulipa sh 1,000 kwa lita, hukata ushuru wa sh 50, na hulipa mwisho wa mwezi. Mchuuzi hutoa sh 700, mkononi, palepale. Kwa wastani lita 60 kwa siku hukataliwa mlangoni mwa kituo kwa kushindwa kipimo cha alkoholi, na yakikataliwa mwenye maziwa halipwi kitu. Mwenyekiti anasema tatizo ni vijana wa kituoni: si waaminifu, wanakataa maziwa ya watu wasiowapenda.

Swali: mshauri, chama kifanye nini?

Hatua ya kwanza: usitibu lalamiko

Makundi mengi yatakimbilia kauli ya mwenyekiti, kwa sababu imewekwa kwenye kisa kama chambo. Yatapendekeza semina ya maadili kwa watumishi. Lakini kipimo cha alkoholi hakina upendeleo: unachanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa, yakikatika na kufanya vipandevipande ujue yameanza kuchacha, au yana dang'a (maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa), au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la mwili, na bakteria huongezeka kwa kasi kadiri yanavyochelewa kupoozwa hadi karibu nyuzi 4 za sentigredi. Yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha yana saa kumi na zaidi bila ubaridi wa kutosha. Ukiyamimina kwenye ndoo ya asubuhi, umeharibu na ya asubuhi.

Kwa hiyo chanzo kikubwa ni kwamba maziwa ya jioni hayana pa kwenda. Andikeni sentensi hiyo moja juu ya karatasi, kwa kalamu nene. Kila suluhisho litakaloletwa lipimwe kwanza kwa swali hili: linagusa sentensi ile? Semina ya maadili haiigusi kabisa.

Jambo la pili la kuhakikisha ni nani mwenye uamuzi. Kazi imesema "chama kifanye nini", haikusema wizara. Nimeona makundi yakipewa kisa cha bonde la Usangu, ambako mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu za chini wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, yanaandika mapendekezo ya Bunge ilhali kisa kilikuwa cha jumuiya moja ya watumia maji yenye mfereji mmoja. Jumuiya ile haiwezi kubadili sera ya nishati kwa sababu ya Mtera, bwawa la umeme linalotegemea mto huo. Inaweza kupanga zamu za maji. Mpeni mwenye kisa kitu ambacho mkono wake unafika.

Hatua ya pili: zalisheni kabla ya kubishana

Kosa la kawaida la kundi la watu sita ni kukaa chini ya mti, mmoja mwenye sauti kubwa akasema "tununue tanki la pili", na wengine wakaanza kumsaidia kupata sababu. Baada ya dakika kumi kazi imeshafungwa, na zile njia nyingine mbili zinaongezwa usiku wa mwisho ili ripoti ionekane imelinganisha. Mhadhiri anazitambua haraka: ni njia mbovu zilizowekwa zishindwe.

Fanyeni hivi. Kila mmoja, peke yake, bila simu, aandike njia nne au tano. Simu iwekwe pembeni kwa sababu ya desa (kazi za wengine za kunakili), na pia kwa sababu programu za akili mnemba zitawapa nyote orodha ileile mliyokwisha kuiona kwa kundi la jirani. Kama mtu amekwama, ajiulize maswali haya kwa kisa chake: tunaweza kuzuia chanzo? Tukishindwa kuzuia, tunaweza kupunguza hasara yake? Kitu kinachoharibika kinaweza kugeuzwa kuwa kitu kingine? Kuna mtu ambaye tayari anafanya jambo tunalolitaka, tukashirikiana naye? Na tusipofanya lolote, mwaka kesho hali itakuwaje?

Swali la mwisho msiliruke. "Kuacha kama ilivyo" ni njia kamili, ina gharama zake na faida zake, na bila hiyo hamna pa kuanzia kupimia. Kwa kisa chetu, kuacha kama ilivyo ni lita 60 kwa siku, sawa na sh 60,000, yaani sh 1,800,000 kwa mwezi inayomwagwa au kupewa nguruwe.

Mkikusanya karatasi mtapata fujo. Zipangeni, zinazofanana ziunganisheni. Kwa kisa chetu naona tano za kweli ukiacha ile ya kutofanya lolote: kituo kifunguliwe na jioni kwa kutumia tanki lililopo, chama kinunue tanki la pili na kuliweka kijiji cha mbali, kikundi kitengeneze mtindi kwa maziwa ya jioni, wafugaji wapewe keni za aluminiamu na mafunzo ya usafi badala ya ndoo na madumu ya plastiki, chama kikubaliane na wachuuzi wa bodaboda wawe wabebaji wake wa jioni.

Hakikisheni njia hizo zinapingana kweli. Kama mbili zinaweza kufanyika pamoja bila kugombania fedha wala muda, hiyo ni njia moja yenye vipande viwili.

Hatua ya tatu: vichujio

Kabla ya kupanga alama, ondoeni zisizowezekana. Hapa mnahitaji kujua sheria na utaratibu wa mahali, na hapa ndipo kundi lililotembea linalipita kundi lililokaa bwenini.

Mfano wa haraka ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo na kuongezwa kichwa juu. Kundi linapewa kisa cha wakulima wa viazi wa Njombe wanaopunjwa kwa magunia yaliyofumwa kichwa, nalo linapendekeza "lumbesa ipigwe marufuku". Ilishapigwa marufuku. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Swali la kisa ni kwa nini mkulima anayeijua sheria bado anafuma gunia, na jibu lake huanzia kwa mnunuzi mmoja aliyefika shambani na lori, saa za jioni, na hakuna mwingine anayekuja. Suluhisho lisilojua kwamba sheria ipo linaonyesha hamkusoma.

Turudi kwenye maziwa. Tanki la pili, tuseme, na ukarabati wa chumba, ni sh milioni 30. Wanafunzi wengi huandika "chama kikope halmashauri, asilimia 10". Subirini. Mikopo ile isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Chama cha ushirika cha wanachama mchanganyiko si mlengwa. Akiandika mtu kwamba chama kitakopa huko, amejenga juu ya mchanga. Kikope benki basi? Kinaweza, lakini chama cha ushirika hakikopi kama mtu binafsi: mkutano mkuu unapitisha ukomo wa madeni, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika anauidhinisha. Hilo halitamalizika kabla ya mvua zijazo.

Mtindi nao unapita kwenye kichujio kwa namna nyingine. Kikundi cha akina mama au vijana ndani ya chama kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia 10, kwa hiyo mtaji unapatikana. Lakini kuuza mtindi wa paketi kunahitaji jengo linalokubalika, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), vifungashio na soko lenye ushindani wa viwanda vilivyokomaa vya Iringa na kwingineko. Sisemi haiwezekani. Nasema ni mradi wa mwaka na zaidi, na kisa kinataka maziwa yaache kumwagika sasa. Iwekeni kando kama hatua ya baadaye na mseme kwa nini.

Zimebaki tatu: kufungua jioni, keni na mafunzo, na kuwatumia wachuuzi.

Hatua ya nne: vigezo, kabla hamjajua mshindi

Andikeni vigezo siku tofauti na siku ya kupiga alama, ikiwezekana. Sababu ni udhaifu wa binadamu: mkishaipenda njia fulani mtatafuta vigezo vinavyoipendelea, na hamtajigundua. Vigezo vinne au vitano vinatosha. Kwa chama chetu ningeweka kiasi cha maziwa kitakachookolewa. Fedha za kuanzia. Kama njia inajiendesha yenyewe baada ya miezi mitatu. Muda wa kuanza. Na kama wanachama wataikubali. Kisha kila kigezo kipewe uzito kwa jumla ya 100, na uzito huo uelezwe kwa sentensi inayotoka ndani ya kisa. "Fedha za kuanzia tumezipa 30 kwa sababu chama hakina akiba" ni maelezo. "Fedha ni muhimu" si maelezo.

Jedwali la alama lina heshima kubwa kupita stahiki yake. Kundi linaandika 4 hapa, 3 pale, wanazidisha, inatoka 3.65 dhidi ya 3.40, na wanatangaza mshindi kana kwamba wamepima uzito wa chuma. Zile 4 na 3 zilitoka kichwani. Jedwali litumieni kuonyesha mlipotofautiana, kisha fanyeni hesabu yenyewe.

Hatua ya tano: hesabu

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa kazi. Tuchukue njia ya kufungua kituo jioni.

Kwanza, maziwa yatatosha kwenye tanki? Watu husikia lita 800 za asubuhi, wakajumlisha 400 za jioni, wakapata 1,200, wakasema lazima tanki jipya. Someni kisa tena. Lita 150 za jioni tayari zimo ndani ya zile 800, na lita 100 ni za nyumbani, hazitakuja. Zikija jioni zile 150 zinazolala, asubuhi zitaletwa 650. Jumla bado ni 800. Wachuuzi wakiachia nusu ya maziwa yao, lita 75, inakuwa 875. Wakiachia yote, 950. Tanki la lita 1,000 linatosha, ingawa kwa kubanana, na wakati majani ni mengi na ng'ombe wanakamuliwa zaidi linaweza kuzidiwa. Hilo liandikwe kama tahadhari. Lakini milioni 30 zimeokolewa kwa kusoma aya moja mara mbili.

Pili, gharama. Mtumishi wa zamu ya jioni sh 200,000 kwa mwezi. Umeme wa usiku pamoja na mafuta ya jenereta siku za katikakatika, sh 250,000. Jumla sh 450,000.

Tatu, faida. Tuseme theluthi mbili za maziwa yanayokataliwa zitaokolewa, lita 40 kwa siku. Kwa sh 1,000 kwa lita ni sh 1,200,000 kwa mwezi. Na lita 75 zikitoka kwa mchuuzi wa sh 700 kwenda kituo cha sh 1,000, ni sh 675,000 nyingine kwa mwezi. Jumla sh 1,875,000. Toa gharama 450,000, inabaki 1,425,000. Makundi mengi yangefunga daftari hapo na kupiga makofi.

Msifunge. Ulizeni: fedha hizo zinaingia mfuko wa nani? Zile 1,875,000 ni za wafugaji kabla ya kukatwa ushuru. Chama chenyewe kinaishi kwa ushuru wa sh 50 kwa lita. Lita 40 zilizookolewa na 75 zilizohamia ni lita 115 kwa siku. Kwa sh 50 na siku 30, chama kinapata sh 172,500 tu. Gharama yake ni 450,000. Kwa hiyo wafugaji wananufaika, chama kinapata hasara ya sh 277,500 kila mwezi, na mwezi wa tatu mhasibu atafunga mlango wa jioni. Suluhisho linalompa faida mmoja na kumpelekea mwingine bili haliishi, hata liwe na alama 3.65.

Nne, lirekebisheni. Ushuru wa maziwa ya jioni upandishwe kutoka 50 hadi 100. Jioni zinaingia lita 225, yaani 150 na 75. Nyongeza ya sh 50 kwa lita hizo ni sh 337,500 kwa mwezi. Ukijumlisha na 172,500, chama kinapata sh 510,000, gharama inalipika na inabaki 60,000. Mfugaji je, atakubali? Akitoa ushuru wa 100 anabaki na 900 kwa lita, bado zaidi ya 700 za mchuuzi, na zaidi ya sifuri ya maziwa yaliyomwagwa.

Tano, ibomoeni wenyewe. Je, kama hakuna hata lita moja itakayotoka kwa wachuuzi? Chama kitapata sh 285,000: sh 60,000 za maziwa yaliyookolewa na sh 225,000 za nyongeza ya ushuru kwa lita 150. Pungufu ni 165,000. Kila lita moja kwa siku inayohama kutoka kwa mchuuzi inaleta sh 3,000 kwa mwezi, kwa hiyo lita 55 zikihama, chama kinasimama sawasawa. Namba hiyo, 55, ndiyo roho ya kazi nzima. Mnaweza kumwambia mwenyekiti: mpango huu unasimama kama mtavuta lita 55 kati ya 150, chini ya hapo unaanguka. Sijui mhadhiri atakayeisoma sentensi ya namna hiyo akabaki na kalamu nyekundu mkononi.

Hatua ya sita: kwa nini watu hawajafanya hivyo tayari?

Kila suluhisho zuri linafaa kuulizwa swali hili la kichokozi. Kama kituo kinalipa 1,000 na mchuuzi 700, kwa nini mtu anampa mchuuzi? Jibu la bwenini ni "hawana elimu". Nendeni mkaulize. Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi, na nauli ya kundi inabebeka hata bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likiwa limechelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka chuo?"

"Ndiyo mama. Tunajifunza habari za maziwa. Kwa nini ya jioni unampa huyu wa pikipiki wakati bei yake ni ndogo?"

"Kituo kinanilipa mwisho wa mwezi. Sukari naitaka leo."

Mazungumzo haya nimeyatunga kama kisa chenyewe, lakini mtayasikia yakifanana popote wanapouza maziwa. Mama huyo amepiga hesabu yake vizuri kuliko kundi: sh 300 za tofauti, kabla ya ushuru, ndiyo bei anayolipa kupata fedha leo. Kwa hiyo lita 55 hazitahama kwa kupandisha bei. Zitahama kama malipo ya jioni yatatoka kwa wiki, au kila baada ya siku tatu, kwa simu. Hiyo inamaanisha chama kiwe na fedha za mzunguko wakati kikisubiri kiwanda kilipe. Kwa lita 225 kwa siku kwa sh 900, malipo ya wiki moja ni sh 1,417,500. Chama kikisubiri kiwanda mwezi mzima kitahitaji zaidi ya mara nne ya hizo. Iwekeni kwenye gharama. Suluhisho limeanza kuwa na mwili.

Swali jingine ambalo kisa hakilitaji: fedha ya jioni inashikwa na nani nyumbani? Ikiwa akaunti ya chama ni ya baba na sh 700 za mchuuzi huishia mkononi mwa mama, kuhamishia maziwa kituoni kunamnyang'anya mama fedha ya jikoni, na atapinga kimyakimya kwa kuendelea kumwita mchuuzi. Msidhani, ulizeni. Kama ndivyo, dawa yake ni ndogo: maziwa ya jioni yaandikwe kwa jina na namba ya simu ya aliyeyaleta.

Na wachuuzi nao ni watu. Wanapoteza riziki. Kundi linaloweka njia ya kuwatumia kama wabebaji, kwa malipo fulani kwa lita, limeona mbali: wana pikipiki, wanazijua njia za vilimani zenye utelezi, na wafugaji wanawaamini. Lakini ikiwa mchuuzi ananunua kwa 700 na kuuza mjini kwa bei ya juu zaidi, malipo ya kubeba hayatafikia faida yake ya leo. Msitegemee waje wote. Wawili watatu wa njia za mbali zaidi wanatosha kujaribia.

Kuhusu keni na mafunzo sina mengi. Ni nzuri, ni nafuu kiasi, zinapunguza uchafu, ila haziwezi kupooza maziwa. Ziwe kipande cha mpango, na msiziuze kama suluhisho.

Hatua ya saba: kuandika pendekezo

Aya ya pendekezo iwe na vitu hivi, kwa mpangilio wowote: kifanyike nini, na nani, lini, kwa fedha ipi, mtajuaje kimefanikiwa, na mtakiacha lini. Mfano:

"Tunapendekeza chama kifungue kituo kuanzia saa 11 hadi saa 1 jioni kwa majaribio ya miezi mitatu kuanzia Agosti, kwa ushuru wa sh 100 kwa lita za jioni, baada ya mkutano mkuu kuridhia. Malipo ya jioni yatolewe kila wiki kwa simu. Meneja wa kituo aandike kila siku lita za jioni na lita zilizokataliwa. Ikiwa mwishoni mwa Oktoba lita zinazotoka kwa wachuuzi hazijafika 55 kwa siku, zamu ya jioni isimamishwe kabla ya mvua. Njia hii inaacha bila jibu kijiji cha mbali, ambacho kitahitaji kituo kidogo chama kikishapata ukomo wa madeni."

Sentensi ya mwisho ile msiifute kwa hofu. Kukiri kilichoachwa kunaonyesha mlichagua.

Na angalizo la majira: Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Rungwe hunyesha kweli. Ripoti inayosema "majaribio yafanyike kati ya vuli na masika" imenakiliwa kutoka desa la Kilimanjaro, na itawaumbua. Agosti hadi Oktoba ni kukavu, barabara zinapitika, na baridi ya Juni na Julai, ambayo husaidia maziwa ya kwenye ndoo kukaa, imepungua. Kwa hiyo majaribio hayatadanganywa na baridi.

Siku ya kuwasilisha

Gawaneni maswali badala ya kugawana slaidi. Mmoja ashike hesabu, mmoja sheria na utaratibu wa ushirika, mmoja wafugaji na wachuuzi, mmoja njia zilizokataliwa. Asiyejua eneo la mwenzake asijibu kwa niaba yake, maana hapo ndipo makundi huanza kupingana mbele ya watu.

Maswali yatakayokuja karibu kila mara ni haya: kwa nini hamkuchagua ile nyingine, nani analipa, na itakuwaje dhana yenu ikikosea. Mkiwa na namba ya lita 55, la tatu limeshajibiwa. Kuna na la nne, ambalo mhadhiri mzoefu hulitupa mwishoni kama hana haja nalo:

"Umeme ukikatika usiku na jenereta likagoma, lita 225 za wanachama zimeharibika ndani ya tanki lenu. Zamani yaliharibika kwenye ndoo ya mtu mmoja. Nani anawalipa?"

"Dokta, tumeweka sh 10 kati ya ule ushuru wa sh 100 kuwa mfuko wa hasara. Kwa mwezi ni sh 67,500. Usiku mmoja wa hasara kamili ni sh 202,500 kwa malipo ya wafugaji ya 900 kwa lita, kwa hiyo mfuko unafidia usiku mmoja kila miezi mitatu."

"Na ile ziada yenu ya sh 60,000?"

"Imekwisha, Dokta. Tumepungukiwa sh 7,500 kwa mwezi, ndiyo maana kwenye ukurasa wa 9 lita zinazohitajika kuhama zimepanda kutoka 55 hadi 78."